Jinsi ya Kuusoma Ukoloni Katika Picha za Chapa za Ufaransa ya Karne ya 19

Anayeanza kuutafuta ukoloni katika picha za chapa za Ufaransa ya karne ya 19 kwa kawaida hukimbilia picha za vita: meli mbele ya Algiers, askari wakiparamia kuta za Constantine, ngamia, moshi na bendera. Picha hizo zipo kwa wingi, lakini hazihitaji mwongozo, kwa kuwa zenyewe zinatangaza kwa sauti kubwa kile zinachotaka kusema. Mwongozo huu unahusu kazi ngumu zaidi, yaani kuisoma picha ya mkahawa, ya chumba cha kulala, ya mtaa wa Paris au ya gauni la msimu, na kuona namna koloni lilivyoingia humo bila kubisha hodi. Ninamwandikia msomaji asiye na shahada ya historia ya sanaa, mwenye simu au kompyuta, na mwenye subira ya kutazama picha moja kwa nusu saa nzima.

Tambua kwanza jinsi ilivyochapwa

Kabla ya kuuliza picha inaonyesha nini, uliza ilichapwa kwa njia gani, kwa sababu njia ndiyo iliyoamua zingetoka nakala ngapi, zingeuzwa kwa nani, na nani angeishughulikia picha kabla haijamfikia mnunuzi. Ikuze kwenye skrini hadi mistari ianze kuonekana mmoja mmoja, au tumia kioo cha kukuzia ikiwa karatasi yenyewe iko mkononi mwako.

Picha ya bamba la shaba hutambulika kwa alama iliyobonyea kuizunguka, mahali ambapo ukingo wa bamba uligandamiza karatasi yenye unyevu. Mchoraji alilipaka bamba nta, akachora kwa sindano, kisha asidi ikala pale nta ilipokwanguliwa, na wino ukakaa ndani ya mifereji hiyo. Nakala hazikuwa nyingi, na wanunuzi wake wengi walikuwa wapenzi wa sanaa wenye uwezo.

Picha ya mbao ndiyo iliyoyalisha magazeti. L'Illustration, lililotoka mara ya kwanza tarehe 4 Machi 1843, na Le Tour du Monde, jarida la safari lililoanza mwaka 1860, yalitegemea vipande vya mti mgumu vilivyokatwa kwa kukingama nyuzi zake. Kwa kuwa mti huo ni mwembamba, picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja. Kazi ilipokuwa ya haraka vilifunguliwa, kila fundi akachonga chake, kisha vikaunganishwa tena tayari kwa mtambo. Tafuta mstari mwembamba mweupe unaopita angani au katikati ya mwili wa mtu bila sababu yoyote, maana hapo ndipo vipande viwili vilipokutana. Mstari huo unakuambia kwamba mpanda farasi wa Algeria unayemtazama huenda alichongwa bega moja na fundi huyu na bega la pili na fundi yule, wote wakiwa wameketi Paris, bila hata mmoja wao kuwahi kuvuka Bahari ya Mediterania.

Litografia ni habari nyingine. Alois Senefelder aliibuni huko Munich mwishoni mwa karne ya 18, na Godefroy Engelmann akafungua karakana yake Paris mwaka 1816. Mchoraji huchora moja kwa moja juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe hupakwa asidi hafifu iliyochanganywa na gundi, kisha hulowanishwa. Maji hukaa pasipo na mafuta, na wino hushika mchoro peke yake. Chini ya kioo cha kukuzia utaona chembechembe, kama alama ya chaki kwenye ukuta usiopigwa lipu vizuri. Njia hii ilikuwa ya haraka na nafuu, na ndiyo iliyowezesha Le Charivari, gazeti la mizaha lililoanzishwa na Charles Philipon mwaka 1832, kutoa mchoro mpya takriban kila siku. Honoré Daumier peke yake aliacha litografia zipatazo 4,000.

Hapa ninamwomba msomaji asimame kidogo kwenye neno gundi. Gundi iliyotumiwa na wachapaji hao ni utomvu wa mgunga, na sehemu kubwa ya gundi hiyo iliyoingia Ufaransa katika nusu ya kwanza ya karne ilitoka Senegal, ambako ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya wafanyabiashara Wafaransa wa Saint-Louis kabla karanga hazijachukua nafasi yake. Ilikusanywa kwenye migunga ya kaskazini ya mto Senegal, kwa kiasi kikubwa na watumwa wa mabwana wa jangwani, ikauzwa kwenye vituo vya kando ya mto, ikapakiwa melini. Kwa hiyo katuni ya Daumier kuhusu mume na mke wanaogombana sebuleni, isiyo na Mwafrika wala mtende ndani yake, huenda tayari ina jasho la Afrika katika jiwe lake. Liandike hilo kwenye daftari lako kabla hujaanza kuutazama mchoro wenyewe.

Soma pambizo kabla ya picha

Anayeijua kanga hainunui bila kusoma jina lake, na picha ya chapa vilevile haisomwi bila maandishi yaliyo chini yake. Tatizo ni kwamba maandishi hayo yamefupishwa, na mara nyingi aliyeiweka picha mtandaoni ameyakata ili ionekane safi. Ukikuta picha isiyo na pambizo, tafuta nakala nyingine.

Upande wa kushoto, chini kabisa, neno "del." humtaja aliyechora; upande wa kulia, "sculp." humtaja aliyechonga, na "lith." humtaja aliyehamishia mchoro kwenye jiwe. "Imp." hutangulia jina la mchapaji, na jina utakalokutana nalo mara kwa mara ni Lemercier, nyumba kubwa ya litografia mjini Paris. "D'après" maana yake picha imefuata kazi ya mtu mwingine: rasimu ya afisa wa meli, mchoro wa rangi, au picha ya kamera. Kila "d'après" ni kituo ambapo kitu kingeweza kuongezwa au kupotea, kwa hiyo vihesabu vituo hivyo.

Fupisho ninalolipenda kuliko yote ni "fig. par", yaani watu wamechorwa na fulani. Katika litografia za mandhari ilikuwa kawaida fundi mmoja kuchora majengo, miti na bahari, halafu mwingine akaongeza watu, na Adolphe Bayot alikuwa maarufu kwa kazi hiyo ya pili. Ukiona "fig. par Bayot" chini ya picha ya mji wa mbali, elewa kwamba mbeba maji aliye kando ya kisima na wazee waliokaa chini ya mti wamewekwa pale na mkono wa Paris ili mandhari isionekane tupu. Majengo yanaweza kuwa ushahidi mzuri huku watu wakiwa mapambo matupu.

Maneno ya mzaha chini ya katuni yanahitaji tahadhari yake. Mengi ya maneno yaliyochapwa chini ya michoro ya Daumier yaliandikwa na watu wa ofisi ya gazeti, wala hayakutoka kwake, kwa hiyo usimhukumu mchoraji kwa sentensi ambayo huenda aliiona ikiwa imekwisha kuchapwa. Geuza pia karatasi, ikiwa inawezekana: nakala iliyotoka gazetini ina habari na matangazo nyuma yake, ilhali nakala ya wakusanyaji, iliyochapwa kwenye karatasi nzuri zaidi, nyuma ni nyeupe. Nakala ya gazetini ndiyo iliyosomwa mkahawani, ikapita mikononi mwa watu, pengine ikaishia kufungia kitu.

Ilinganishe tarehe na vita, kisha na sheria

Chora kwenye daftari lako safu mbili. Katika safu ya kwanza weka matukio ya ukoloni: kuanguka kwa Algiers tarehe 5 Julai 1830, kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Ufaransa kwa amri ya tarehe 27 Aprili 1848, Tahiti kuwekwa chini ya ulinzi mwaka 1842 na kutwaliwa kabisa mwaka 1880, vita vya Dahomey vya 1892 hadi 1894, na uvamizi wa Madagaska mwaka 1895. Katika safu ya pili weka sheria za uchapaji: sheria za Septemba 1835 zilizofunga mlango wa katuni za kisiasa, amri ya 1852 iliyotaka kila picha ipate kibali kabla ya kutolewa, na sheria ya tarehe 29 Julai 1881 iliyoleta uhuru wa magazeti.

Safu ya pili ndiyo wengi husahau, na bila hiyo utaudhani ukimya kuwa ni kutojali. Mwaka 1868 Édouard Manet alichora kwenye jiwe tukio la kupigwa risasi kwa Maximilian, yule mtawala ambaye jeshi la Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, lilimsimika Mexico kisha likamwacha, akauawa mwezi Juni 1867. Serikali ilikataa litografia hiyo isichapwe, na mchapaji akataka hata kulifuta jiwe. Picha hiyo ilitoka mwaka 1884, Manet akiwa amekwisha kufariki. Mtu anayepekua picha zilizouzwa Paris mwaka 1869 bila kuikuta hawezi kusema kwamba wachoraji hawakuijali Mexico.

Kitazame kitu ambacho hakuna anayekionyesha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Orodhesha kila kitu kilichomo katika picha ambacho si uso wa mtu, yaani nguo, vyombo, vinywaji, mimea, vitambaa vya ukutani, kisha ukiulize kila kimoja kilitoka wapi na kilianza lini kuonekana Ufaransa.

Chukua kahawa. Mwezi Februari 1840 askari 123 wa Kifaransa waliilinda ngome ya Mazagran, karibu na Mostaganem nchini Algeria, dhidi ya kikosi kikubwa zaidi cha wapiganaji wa Emir Abd el-Kader, kiongozi wa Waalgeria waliopinga Wafaransa. Habari ilipofika Ufaransa ikageuzwa kuwa hadithi ya kishujaa, ikachapwa kwenye picha, na jina la ngome likahamia kwenye kahawa iliyonywewa katika glasi ndefu na baadaye kwenye chombo chenyewe. Wafaransa hata leo huita kikombe cha namna hiyo "mazagran", na wengi wao hawafikirii vita wanapokiagiza. Ukikuta neno hilo kwenye picha ya mkahawa au kwenye maneno ya katuni, umekutana na Algeria mezani. Sisi watu wa pwani, tunaokunywa kahawa barazani na kudhani tunaijua, tunaweza kustaajabu kwamba jina la kikombe linaweza kubeba maiti kiasi hicho.

Picha za mitindo zinafundisha jambo hilohilo kwa upole zaidi. Shali ya Kashmir ilienea Ufaransa baada ya jeshi la Bonaparte kurudi kutoka Misri, ambako lilikuwa kati ya 1798 na 1801, na wafumaji wa Paris, Lyon na Nîmes wakaanza kuiiga. Kuelekea mwaka 1860 wanawake walivaa koti fupi lililonakshiwa, lililoitwa koti la Zouave kwa jina la vikosi vilivyoundwa Algeria mwaka 1830, vyenyewe vikiwa vimepewa jina la Wazwawa wa Kabylia. Katika picha ya aina hii utamwona bibi mmoja amesimama kando ya kiti, amemshika mtoto mkono, na nyuma yake kuna dirisha. Hakuna vita wala mgeni, ila mabegani mwake pana vazi lililotokana na sare ya askari.

Mfano mwingine uwe bamba dogo la shaba la Manet, Olympia, lililotumika katika kijitabu alichokitoa mwandishi Émile Zola mwaka 1867 kumtetea Manet. Picha ya rangi aliyoichora Manet mwaka 1863 ilizua ghasia ilipoonyeshwa mwaka 1865, na macho ya wengi yaliishia kwa mwanamke mweupe aliyelala kitandani. Wewe anza na yule aliyesimama nyuma ya kitanda akiwa na shada la maua. Jina lake ni Laure. Daftari la Manet linamtaja, likasema kwamba alikaa rue Vintimille, upande wa kaskazini wa Paris. Kichwani amejifunga kilemba kama walivyojifunga wanawake wa visiwa vya Karibi, ambako vitambaa vya Madras vilikuwa vazi la kila siku. Watu weusi waliokuwa chini ya utumwa katika makoloni ya Ufaransa walikuwa wameachwa huru miaka 15 tu kabla ya picha ya rangi kuchorwa, na Laure alikuwa mkazi wa mji, mwenye anwani, aliyelipwa kwa kazi ya kukaa mbele ya mchoraji. Ukiisogelea chapa ya shaba utaona jinsi uso wake ulivyosukwa kwa mistari mingi iliyopitana, wakati mwili wa mwenzake umeachwa karibu karatasi tupu. Sioni haja ya kuamua kama Manet alimheshimu au alimtumia kama kivuli. Inatosha kuandika ni mistari gani imetumika wapi, kisha kulinganisha chapa mbili au tatu.

Halafu kuna Charles Meryon, ambaye kwangu ndiye mwalimu bora wa somo hili. Alikuwa afisa wa jeshi la majini, na kati ya 1842 na 1846 alikuwa katika Bahari ya Pasifiki kwenye meli Le Rhin, akikaa muda mrefu Akaroa, New Zealand, ambako Wafaransa walikuwa na makazi. Aliporudi Paris aliacha bahari, akawa bingwa wa kuchora madaraja na majumba ya zamani ya mji huo kwenye shaba. Mwaka 1865 alitoa Le Ministère de la Marine, picha ya jengo la wizara iliyosimamia jeshi la majini pamoja na makoloni, pale Place de la Concorde. Jengo limechorwa kwa usahihi wa msanifu, lakini angani limeshuka kundi la viumbe wa baharini, farasi na vyombo vya majini, likiielekea wizara kana kwamba linakuja kudai deni. Wengi huieleza picha hiyo kwa ugonjwa wa akili wa Meryon, aliyefia katika hospitali ya Charenton mwaka 1868. Ugonjwa ulikuwepo, lakini hauelezi kwa nini bahari iliivamia wizara hiyo badala ya kanisa au soko. Mtu aliyewahi kupokea amri kutoka katika jengo hilo alijua vizuri alichokuwa akichora.

Uliza ni nini kimeondolewa

Baada ya kuvihesabu vilivyomo, hesabu visivyokuwemo. Mchoraji Paul Gauguin alichonga mbao kumi za Noa Noa, kitabu chake kuhusu Tahiti, mwaka 1893 na 1894, akiwa amerudi Paris kutoka Tahiti, na akatumia mti uleule mgumu wa wachongaji wa magazeti, ila kwa mikwaruzo mizito na giza nene. Picha zake zinaonyesha miungu, usiku, na wanawake kando ya maji. Tahiti aliyofikia mwaka 1891 ilikuwa na gavana, polisi, makanisa, na wanawake waliovaa magauni marefu ya kimisheni, na hadithi za miungu hiyo alizipata kwa sehemu kubwa katika kitabu cha mwaka 1837 cha Moerenhout, konsuli aliyewahi kuishi Tahiti. Kwa hiyo weka picha ya Gauguin kando ya picha ya kamera ya Papeete ya miaka hiyohiyo, na uandike kila kilichomo katika ya pili ambacho hakimo katika ya kwanza.

Jaribu kwa picha za pwani yetu

Zoezi zuri la mwisho liko karibu nasi. Kati ya 1846 na 1848 nahodha Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa meli Ducouëdic, akichunguza biashara kwa niaba ya serikali ya Ufaransa, miaka michache baada ya Ufaransa kutia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1844. Ripoti yake ilichapwa Paris kuanzia mwaka 1856, pamoja na albamu ya litografia ambazo baadhi yake zilifuata picha za daguerreotype, aina ya awali ya picha za kamera, zilizopigwa safarini. Picha ya aina hiyo ni bamba moja la metali lisiloweza kutoa nakala, na ndiyo maana ilibidi fundi wa jiwe aichore upya ndipo iweze kuchapwa.

Ingia kwenye Gallica, hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na utafute kwa tahajia za wakati huo, kama vile "Zanguebar" na "Souahéli", pamoja na jina la Guillain. Usishtuke ukikutana na maneno ya dharau katika orodha za zamani. Yanakili kama yalivyo, kisha weka neno lako pembeni. Chagua picha moja ya mtu, si ya mandhari. Soma pambizo, hesabu vituo kati ya mtu mwenyewe na karatasi, angalia kama maandishi yanampa jina au yanamtaja kwa kabila na kazi tu. Kisha tazama nguo: imefungwa kifuani au begani, kichwa kimefunikwa kwa namna gani, ni pambo gani liko sikioni na shingoni, miguuni kuna nini. Mpelekee picha hiyo mtu mzima wa Lamu, Mombasa au Unguja anayejua mavazi ya zamani, mwache aitazame kwanza bila kumsomea maelezo ya Kifaransa, na uandike majina atakayovipa vitu hivyo kando ya yale aliyoyaandika nahodha.